Vita vya Marekani na Japani katika Pasifiki, 1941–1945: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara watu wanapozungumzia vita vya Pasifiki: vilianza kwa sababu gani, viligeukia wapi, na kwa nini Japani iliyoanza kwa kishindo ilimaliza ikiwa majivu. Pale ambapo wanahistoria wanabishana, nimesema upande ninaouona una uzito zaidi, na sababu yake.

Kwa nini Japani iliishambulia nchi iliyoizidi utajiri na viwanda?

Jibu fupi ni mafuta. Jibu refu linaanzia China. Japani ilikuwa vitani huko tangu 1937, jeshi lake limezama ndani ya nchi kubwa isiyokubali kushindwa, na karibu asilimia 80 ya mafuta yaliyoendesha vita hivyo ilinunuliwa Marekani kwenyewe. Julai 1941 Japani ilipoingiza majeshi kusini mwa Indochina ya Wafaransa, Marekani ilizuia fedha za Japani na mafuta yakakatika. Uingereza na Uholanzi zikafuata. Kuanzia hapo wakuu wa Tokyo walikuwa wanahesabu akiba iliyobaki huku kila siku ikipungua.

Walikuwa na njia mbili. Wangeweza kutoka Indochina na China, jambo ambalo majenerali waliliona ni aibu wasiyoweza kuimeza. Au wangeweza kuviteka visima vya mafuta vya makoloni ya Uholanzi, ambayo leo ni Indonesia. Wakachagua kuteka. Lakini njiani ilikuwepo Ufilipino, koloni la Marekani, na huko Hawaii lilikuwepo jeshi la majini la Marekani ambalo lisingekaa kimya. Ndipo Admirali Yamamoto Isoroku akatoa wazo la kulipiga jeshi hilo bandarini kabla ya kitu kingine chochote.

Yamamoto mwenyewe hakuwa mpenda vita hivi. Aliwahi kusoma Harvard na kufanya kazi ubalozini Washington, na viwanda vya Marekani aliviona kwa macho yake. Alimwambia waziri mkuu wa wakati huo, Konoe, kwamba angeweza kutamba kwa miezi sita au mwaka mmoja, na baada ya hapo hakuwa na matumaini. Kutoka shambulio la Pearl Harbor, bandari hiyo ya Hawaii, hadi Japani iliposhindwa katika kisiwa cha Midway, ni miezi sita kasoro siku chache.

Je, Pearl Harbor ilikuwa ushindi?

Kwa siku ile moja, tarehe 7 Desemba 1941, ndiyo. Meli sita za kubeba ndege zilivuka Pasifiki ya kaskazini bila kuonekana, na Jumapili asubuhi ndege zake zikaikuta bandari haina habari. Wamarekani 2,403 walikufa. Kati yao 1,177 walikuwa ndani ya meli moja tu, Arizona, iliyolipuka pale bomu lilipofika kwenye ghala lake la baruti. Manowari zote nane za mizinga mizito zilizokuwa bandarini zilipigwa.

Hata hivyo, tazama kilichobaki. Meli za kubeba ndege za Marekani hazikuwepo bandarini siku hiyo. Matangi ya mafuta hayakuguswa, wala karakana za kutengenezea meli, wala kituo cha nyambizi. Na kwa kuwa bandari ina kina kifupi, manowari sita kati ya zile nane ziliinuliwa au kutengenezwa zikarudi kazini. Arizona na Oklahoma tu ndizo zilizopotea moja kwa moja. Kubwa kuliko yote, Wamarekani ambao hadi Jumamosi walikuwa wakibishana kama waingie vitani au la, Jumatatu walikuwa kitu kimoja.

Nini kilitokea katika miezi ya mwanzo?

Japani ilizoa kila ilichokigusa: Guam, Wake, Hong Kong, Malaya, kisha Singapore tarehe 15 Februari 1942, makoloni ya Uholanzi mwezi Machi, na Rasi ya Bataan huko Ufilipino tarehe 9 Aprili. Mateka wapatao 75,000 wa Bataan, wengi wao Wafilipino, walitembezwa kwa miguu juani bila chakula wala maji ya kutosha. Aliyeanguka alichomwa singe au kupigwa risasi. Maelfu walikufa njiani. Wafilipino husahauliwa sana katika simulizi za vita hivi, na hilo halistahili.

Tarehe 18 Aprili ndege 16 za mabomu za Marekani, zikiongozwa na Doolittle, ziliruka kutoka kwenye meli Hornet na kuipiga Tokyo na miji mingine. Uharibifu ulikuwa mdogo, lakini wakuu wa majeshi ya Japani walifedheheka kwamba anga la mfalme limeingiliwa. Waliokuwa wakiusitia mpango wa Yamamoto wa kwenda Midway wakanyamaza.

Mapigano ya Bahari ya Matumbawe yana umuhimu gani?

Yalipiganwa tarehe 4 hadi 8 Mei 1942, na yalikuwa ya kwanza katika historia ambapo meli za pande mbili hazikuonana kabisa. Ndege ndizo zilizopigana. Marekani ilipoteza meli kubwa ya kubeba ndege, Lexington. Japani ilipoteza ndogo, Shoho. Ukihesabu tani, Japani ilishinda. Lakini ilishindwa kufika Port Moresby, New Guinea, ilikokuwa inakwenda. Juu ya hayo, kati ya meli zake mbili kubwa za kubeba ndege, Shokaku iliumizwa vibaya na Zuikaku ikabaki na upungufu mkubwa wa ndege na marubani, kwa hiyo zote mbili hazikwenda Midway mwezi uliofuata.

Yorktown ya Marekani nayo iliumizwa. Ilipofika Pearl Harbor ilionekana itahitaji wiki nyingi za matengenezo. Admirali Nimitz, mkuu wa jeshi la majini la Marekani katika Pasifiki, akaagiza iwe tayari kwa siku tatu. Mafundi wapatao 1,400 waliingia ndani yake wakachomelea vyuma usiku na mchana, na ikatoka. Marekani ikapata meli tatu Midway badala ya mbili.

Ni kweli Marekani ilijua mapema kwamba Midway itashambuliwa?

Kweli. Katika chumba cha chini ya jengo huko Pearl Harbor, kikosi kilichoongozwa na Joseph Rochefort kilikuwa kikisoma vipande vya ujumbe wa siri wa jeshi la majini la Japani. Ujumbe ulitaja shabaha kwa herufi mbili tu, AF. Rochefort aliamini kuwa ni Midway, lakini kule Washington wapo waliotilia shaka.

Wakatega mtego. Kwa kutumia waya wa chini ya bahari, ambao Wajapani hawakuweza kuusikiliza, Midway iliagizwa itangaze redioni, bila kuficha maneno, kwamba mtambo wake wa kusafisha maji ya chumvi umeharibika. Muda mfupi baadaye ukanaswa ujumbe wa Kijapani ukisema AF ina upungufu wa maji ya kunywa. Mjadala ukaisha hapo. Nimitz akazipeleka meli zake tatu kaskazini-mashariki ya Midway zikavizie.

Ilikuwaje siku yenyewe ya Midway?

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942, Admirali Nagumo alikuwa na meli nne za kubeba ndege: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu, zote kati ya zile sita za Pearl Harbor. Alituma ndege kuipiga Midway, na nyingine akaziweka tayari na topedo iwapo manowari za Marekani zingetokea. Kiongozi wa ndege zilizokwenda akaleta habari kwamba kisiwa kinahitaji kupigwa tena. Nagumo akaamuru topedo zishushwe, mabomu ya nchi kavu yapakiwe. Kisha ndege yake ya upelelezi ikaripoti kuona meli za Marekani. Akageuza amri. Chini ya sitaha, mafundi walikuwa wakihangaika na mabomu na topedo na mipira ya mafuta, vitu ambavyo havipaswi kukaa pamoja ovyo.

Wakati huohuo ndege za topedo za Marekani zilianza kufika, nzito, za kizamani, bila ndege za kivita za kuzilinda ipasavyo. Kikosi kilichotoka Hornet kilikuwa na ndege 15 na watu 30. Ndege zote 15 ziliangushwa, akapona mtu mmoja, rubani kijana aitwaye George Gay, aliyebaki akielea majini. Meli zote tatu zilituma ndege 41 za aina hiyo, na zilizorudi hazikufika kumi. Hakuna topedo hata moja iliyolipua meli ya Japani.

Wale vijana walikufa, na watu wengi waliona kwamba wamekufa bure. Sikubaliani nao. Walizilazimisha meli za Nagumo kukata kona huku na huku badala ya kutulia na kurusha ndege, na walizivuta ndege za ulinzi za Japani mbali na mahali zilipohitajika. Juu angani, Wade McClusky, kiongozi wa ndege za meli Enterprise, alikuwa akitafuta meli za Japani huku mafuta yakimwishia. Akaiona manowari moja ya Japani, Arashi, ikikimbia peke yake baada ya kubaki nyuma kuisaka nyambizi ya Marekani. Akaamua kufuata ielekeako. Ikampeleka moja kwa moja.

Kati ya saa nne na dakika 20 na saa nne na nusu asubuhi, ndege za mabomu za Enterprise na Yorktown zilishuka kwa mbizi kutoka juu. Kaga, Akagi na Soryu zikawaka moto. Akagi ilipigwa barabara na bomu moja tu, nalo likatosha, kwa sababu lililipukia kati ya ndege zilizojaa mafuta na silaha. Hiryu, iliyosalimika, ikalipiza kwa kuipiga Yorktown, lakini jioni nayo ikafikiwa. Meli nne zikazama. Yorktown ilizamishwa na nyambizi siku tatu baadaye. Wajapani zaidi ya 3,000 walikufa, na Wamarekani 307.

Je, ni kweli ndege za Japani zilikuwa zimejipanga sitahani, zimebakiza dakika tano kuruka?

Simulizi hiyo imerudiwa miaka mingi, na ni nzuri kusikiliza, lakini si sahihi. Ndege nyingi za kushambulia zilikuwa bado chini, ndani ya mabanda ya meli, na Nagumo alihitaji muda zaidi kuzipandisha. Ndiyo sababu moto ulikuwa mbaya hivyo: mabomu yalilipuka ndani ya meli, katikati ya silaha.

Watu huipenda hadithi ya dakika tano kwa sababu inafanya kila kitu kionekane bahati. Bahati ilikuwepo, sikatai. Lakini waliovunja siri za redio, mafundi wa Yorktown na uamuzi wa McClusky havikuwa bahati.

Basi Midway ndiyo iliyoamua vita?

Midway iliisimamisha Japani. Haikuirudisha nyuma. Baada ya Juni 1942 Japani bado ilikuwa na Shokaku na Zuikaku, manowari nyingi kuliko Marekani katika Pasifiki, na marubani wake wengi bado hai. Serikali iliwaficha wananchi: majeruhi walitengwa hospitalini, redio ikatangaza ushindi.

Mimi naiweka Guadalcanal mbele ya Midway. Midway ilikuwa siku moja ya kutisha, na taifa lenye nguvu linaweza kuinuka baada ya siku moja. Guadalcanal ilikuwa miezi sita ya kunyonywa damu nchi kavu, baharini na angani, na ilipokwisha Japani haikuwa tena na uwezo wa kuanzisha shambulio kubwa la kuishtukiza Marekani.

Guadalcanal ni wapi, na kwa nini watu wapiganie kisiwa cha msitu?

Ni kisiwa cha Visiwa vya Solomon, kaskazini-mashariki ya Australia. Wajapani walikuwa wakijenga kiwanja cha ndege hapo. Kingekamilika, njia ya meli kati ya Marekani na Australia ingekuwa hatarini. Tarehe 7 Agosti 1942 askari wa Marine, wapatao 11,000, walishuka ufukweni chini ya Jenerali Vandegrift, na kesho yake wakakiteka kiwanja hicho kikiwa hakijakamilika. Wakakimalizia wenyewe, kwa sehemu kubwa wakitumia vifaa vilivyoachwa na Wajapani, na kula mchele walioukuta hapo. Wakakiita Henderson, jina la rubani mwenzao aliyeuawa Midway. Ndicho kiwanja cha kimataifa cha Honiara hadi leo.

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Agosti, karibu na kisiwa cha Savo, manowari za Japani zilitokea gizani na kuzamisha meli nne za kivita aina ya kruza, tatu za Marekani na moja ya Australia. Mabaharia zaidi ya 1,000 walikufa. Mgala muue na haki yake mpe: katika mapigano ya usiku, Wajapani walikuwa wamejizoeza kuliko jeshi lolote la majini wakati ule, na topedo zao zilikuwa bora kuliko za adui. Meli za mizigo za Marekani ziliondoka kabla ya kushusha kila kitu, askari wakabaki ufukweni na chakula nusu.

Kilichofuata kilikuwa mapambano ya ratiba. Mchana, ndege za Henderson zilitawala bahari, na meli ya Japani iliyothubutu kukaribia ilipigwa. Usiku, manowari za kasi za Japani zilishuka kutoka kaskazini zikishusha askari na kukipiga kiwanja kwa mizinga. Usiku wa tarehe 13 Oktoba, manowari za Japani Kongo na Haruna zilikimwagia makombora mazito zaidi ya 900. Asubuhi, ndege nyingi zilikuwa vyuma chakavu. Mchana ule ule, chache zilizobaki ziliruka.

Novemba ndiyo ilikuwa kilele. Kuanzia tarehe 12 hadi 15 manowari za pande mbili zilipigana usiku, nyakati nyingine karibu mno kiasi cha kumulikana kwa taa. Meli Juneau ilizama na ndugu watano wa familia moja, akina Sullivan. Japani ilipoteza manowari zake mbili za mizinga mizito, Hiei na Kirishima. Msafara wake wa meli 11 za kuleta askari ulichanwachanwa na ndege: saba zilipotea njiani, nne zikajipandisha ufukweni na kuungulia hapo.

Waliokuwa nchi kavu upande wa Japani wakaanza kufa njaa. Wenyewe walikiita kisiwa cha njaa. Walikula mizizi na nyasi, wakafa kwa malaria na kuhara. Mapema Februari 1943 Japani iliwaondoa kisirisiri usiku wapatao 10,600 waliobaki. Nyuma yao walikuwa wamekufa karibu 25,000, na wengi hawakufa kwa risasi.

Wenyeji wa visiwa hivyo walihusika?

Walihusika, na bila wao Marekani ingepata taabu zaidi. Walibeba mizigo, waliongoza doria, walificha marubani walioanguka, waliwapelekea habari watazamaji wa pwani waliojificha milimani na redio.

Anayekumbukwa zaidi ni Jacob Vouza, sajini mkuu mstaafu wa polisi. Tarehe 20 Agosti 1942 alikamatwa na kikosi cha Kanali Ichiki, akakutwa na bendera ndogo ya Marekani. Wakamfunga kwenye mti, wakamhoji, hakusema. Wakamchoma kwa singe, wakamkata shingoni na kumwacha afe. Alijifungua kamba, akajikokota akivuja damu hadi kwenye mstari wa Marine, na kabla ya kukubali kutibiwa akaeleza Wajapani ni wangapi na wana silaha gani. Usiku huo Ichiki alishambulia, na kati ya askari wake takriban 900, wengi mno waliuawa. Vouza alipona akaishi miaka mingi baadaye. Honiara ina sanamu yake.

Kwa nini Japani haikuweza kuziba pengo la meli na marubani?

Tuanze na marubani, maana hapo ndipo penye uchungu. Kutoka Rabaul, kambi kuu ya Wajapani katika eneo hilo, hadi Guadalcanal ni kama kilomita 1,000. Rubani wa Japani aliruka masaa manne, akapigana dakika chache, akarudi masaa manne. Akijeruhiwa, alikuwa na bahari tupu mbele yake. Sakai Saburo, mmoja wa hodari wao, alipigwa risasi kichwani tarehe 7 Agosti akaruka karibu masaa matano akiwa haoni vizuri, akafika. Wengi hawakufika.

Marekani iliwaondoa hodari wake vitani na kuwarudisha nyumbani wakawe walimu. Japani iliwaacha wake wapigane mpaka wafe, na ujuzi wao ukafa nao. Kufikia 1944 vijana wa Japani walipelekwa vitani wakiwa na masaa machache ya kuruka, kwa kuwa mafuta ya mazoezi nayo yalikuwa hayapo.

Kwa upande wa meli, hesabu haina huruma. Meli kubwa za kubeba ndege za aina ya Essex peke yake, 17 ziliingia kazini kabla ya vita kwisha. Japani haikukaribia hapo.

Nyambizi zilikuwa na sehemu gani?

Kubwa sana kuliko sifa zilizopewa. Wanamaji wa nyambizi walikuwa kama asilimia 2 tu ya jeshi la majini la Marekani, lakini walizamisha zaidi ya nusu ya tani za meli za biashara ambazo Japani ilipoteza. Na hiyo ni licha ya kwamba hadi karibu mwisho wa 1943 topedo zao zilikuwa mbovu: zilipita chini mno, au ziligonga meli zisilipuke. Japani iliingia vitani kutafuta mafuta, ikayapata, halafu ikashindwa kuyafikisha nyumbani. Nyambizi 52 za Marekani hazikurudi, na ndani yake watu wapatao 3,500.

Kwa nini kuanguka kwa Saipan mwaka 1944 kuliiangusha serikali ya Tokyo?

Kwa sababu ya umbali. Kutoka Visiwa vya Mariana, ndege kubwa za B-29 zingeweza kufika Tokyo na kurudi. Marekani ilishuka Saipan tarehe 15 Juni 1944. Siku nne baadaye jeshi la majini la Japani lilitoka kuzuia, na katika mapigano ya Bahari ya Ufilipino likapoteza meli tatu za kubeba ndege na mamia ya ndege. Marubani wale wachanga waliangushwa kwa wingi wa kusikitisha. Saipan ikaanguka Julai, raia wengi wa Kijapani wakijirusha kutoka kwenye majabali kwa kuaminishwa kwamba Wamarekani watawatesa. Tarehe 18 Julai Waziri Mkuu Tojo akajiuzulu.

Ukiniuliza ni lini kushindwa kwa Japani kulikuwa hakuna tena shaka, ni hapa. Kila aliyekufa baada ya Saipan, na walikuwa wengi mno, alikufa katika vita ambavyo wakuu walijua vimepotea.

Ghuba ya Leyte je?

Ni mapigano makubwa kuliko yote ya majini katika vita hivyo, tarehe 23 hadi 26 Oktoba 1944, Jenerali MacArthur wa Marekani alipokuwa amerudi Ufilipino. Japani ilitumia meli zake za kubeba ndege, zikiwa karibu tupu, kama chambo ili kumvuta Admirali Halsey kaskazini. Halsey akavutika. Kikosi kizito cha Admirali Kurita wa Japani kikapita na kukutana na meli ndogo za Marekani karibu na kisiwa cha Samar. Hizo ndogo zilipigana kwa ujasiri kiasi kwamba Kurita aligeuka na kuondoka. Musashi, moja ya manowari mbili kubwa kuliko zote duniani, ilizamishwa. Zuikaku, ya mwisho kati ya zile sita za Pearl Harbor, nayo ikazama. Hapo ndipo vikosi vya kamikaze, marubani wa kujitoa mhanga, vilipoanza rasmi.

Iwo Jima na Okinawa ziliathiri vipi uamuzi wa mwisho?

Ziliwaonyesha Wamarekani gharama ya kwenda Japani kwenyewe. Iwo Jima, Februari na Machi 1945, Wamarekani karibu 7,000 walikufa kwa kisiwa cha kilomita za mraba 21 hivi. Jenerali Kuribayashi alikuwa amewachimbia watu wake mahandaki, na kati ya askari wake wapatao 21,000, waliotekwa wakiwa hai walikuwa wachache sana.

Okinawa, Aprili hadi Juni, ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu kulikuwa na watu. Wamarekani zaidi ya 12,000 walikufa, na askari wa Japani mara nyingi zaidi ya hapo. Raia wa Okinawa, wazee kwa watoto, walikufa kwa makumi ya maelfu, huku wengine wakishurutishwa na jeshi la Japani wajiue. Leo kisiwani kuna kuta za mawe zenye majina ya waliokufa wa pande zote bila kutenga taifa, zaidi ya 240,000.

Ni bomu la atomiki au Urusi iliyoifanya Japani isalimu amri?

Vyote viwili vilifika ndani ya siku chache, ndiyo maana ubishi hauishi. Tayari usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, B-29 zilikuwa zimeichoma Tokyo na kuua watu takriban 100,000. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Urusi ya Kisovyeti iliingia vitani na kuvamia Manchuria, na siku hiyo hiyo Nagasaki ikapigwa. Baraza la vita la Japani liligawanyika katikati, hadi Mfalme Hirohito alipoamua. Tarehe 15 sauti yake ikasikika redioni, na hati zikatiwa saini tarehe 2 Septemba juu ya meli Missouri.

Naona Urusi iliwakata tamaa majenerali waliotumaini kwamba Moscow ingewapatanisha na Marekani, na bomu likampa mfalme sababu ya kusema yatosha. Kukiondoa kimojawapo kunahitaji kupuuza maneno ya wahusika wenyewe.

Afrika inahusika vipi?

Kuliko wengi wanavyofundishwa shuleni. Urani nyingi iliyotumika kutengeneza mabomu hayo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, iliyochimbwa na Wakongo ambao hakuna aliyewaambia ni ya kazi gani.

Mombasa nayo ilikuwa ndani ya vita. Aprili 1942 meli za Nagumo ziliingia Bahari ya Hindi, zikaipiga Ceylon (leo Sri Lanka) na kuzamisha manowari za Uingereza, ikiwemo Hermes iliyobeba ndege. Waingereza wakaurudisha msafara wao mkuu hadi Kilindini. Shule ya Allidina Visram ikageuzwa ofisi ya kusoma ujumbe wa siri wa Kijapani, na huko ndiko msimbo wa meli za biashara za Japani ulikovunjwa mwaka huo. Mei 1942 nyambizi ndogo za Japani zilishambulia Diego Suarez, Madagaska.

Halafu kuna keya wetu, yaani askari wa King's African Rifles (KAR). Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana na Wajapani Burma mwaka 1944, ikishuka bonde la Kabaw kwenye masika na matope hadi Kalewa, mto Chindwin. Na tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi.

Ni kweli wapo askari wa Japani waliopigana hadi miaka ya 1970?

Ni kweli. Yokoi Shoichi alikutwa Guam Januari 1972. Luteni Onoda Hiroo alibaki katika msitu wa kisiwa cha Lubang, Ufilipino, akiamini vita vinaendelea, na katika miaka hiyo yeye na wenzake waliwaua wakulima wa kisiwa, jambo ambalo husimuliwa kwa sauti ndogo mno. Alikubali kuweka silaha chini Machi 1974, baada ya aliyekuwa kamanda wake, ambaye wakati huo alikuwa muuza vitabu, kusafirishwa hadi Lubang akamsomee amri ya kuacha kazi. Wa mwisho kujulikana alipatikana Desemba 1974 katika kisiwa cha Morotai, Indonesia. Jina lake la kijeshi lilikuwa Nakamura Teruo, lakini alikuwa mwenyeji wa asili wa Taiwan aliyeingizwa katika jeshi la watawala wake, na alirudishwa Taiwan, si Japani.